Hapa Hatuna Tabu

Juzi mpwa wangu alitokea kusini akaniletea ming'oko, furushi zima limefungwa kwa gazeti. Kama hukukulia upande wa Ruangwa, huenda huijui. Ni mizizi ya porini, myembamba na mirefu kama vidole vya mtu mzima. Huchimbwa kiangazi, ikachemshwa kwa chumvi, nawe unaimenya kwa kucha ingali ya moto. Wajukuu zangu walionja kidogo wakasema ina ladha ya udongo. Ni kweli, ina ladha ya udongo. Nilikaa jikoni nikaimaliza sufuria nzima peke yangu, na kila niliomenya ulinirudisha nyuma hatua moja, mpaka nikajikuta niko Nachingwea, nina miaka minane, nimeshika mng'oko mmoja mkononi na kooni haupiti. Kisa hicho sijawahi kumsimulia mtu kikamilifu. Kaa basi nikusimulie wewe.

Nilizaliwa Mandawa. Mama yangu alifariki siku ileile niliyozaliwa, kabla jua halijatua, na mimi nikapewa jina la Tabu. Majina ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida kwetu. Palikuwa na kina Shida na kina Mashaka, tena watu wanene wenye kucheka vizuri, na hakuna aliyeyasikia majina yao kama maneno. Mimi mwenyewe niliishi miaka saba ndani ya jina langu bila kulisikia.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kama ilivyo desturi yetu Wamwera, kwamba mtoto ni wa upande wa mama yake. Baba alikuja akakaa, akaondoka kutafuta kazi, akawa mtu wa kuja msimu kwa msimu na baiskeli yake na sabuni ya kipande. Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu, kile kipande cha mpingo walichotogwa wanawake wa umri wake walipokuwa wasichana. Akizungumza kilipanda na kushuka. Nilipokuwa mdogo nililala usingizi nikikitazama, kama watoto wengine wanavyolala wakiimbiwa.

Asubuhi za Mandawa zilianza na michi. Kwanza mmoja, mbali, halafu wa jirani, halafu wetu, mpaka ukadhani ardhi yenyewe inagongwa kutoka chini. Harufu ya muhogo mkavu ukitwangwa unaijua? Ina uchachu kidogo, inaingia puani na kubaki. Tulikula ugali wake kwa kisamvu, na siku nzuri kwa mbaazi zilizoungwa ufuta. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuokota kuni, na wakati mtama ukianza kuiva, kukaa shambani tangu alfajiri nikipiga debe kufukuza ndege. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Mtu anapiga kelele kwa kadiri anavyotaka na hakuna wa kumgombeza.

Huko juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, ndiko nilikoanza mchezo wa kutamani kuwa kitu kingine. Nilitamani kuwa kanga wa porini, kwa sababu kanga hatumwi maji. Nikatamani kuwa kichuguu, kimekaa tu, watu wanakizunguka. Kisha siku moja Bibi alinichukua hadi Ruangwa kuuza ufuta kwenye duka la Mhindi, na pale mlangoni nikamwona msichana wa rika langu, gauni lake la maua, amekuja na wazazi wake kutoka Lindi. Mama yake alikuwa ndani akichagua kitambaa. Alimwita bila hata kugeuka: "Zainabu, njoo mwanangu." Yule msichana akaenda, mama yake akamwekea kitambaa begani kuona kama kinampendeza. Ni hayo tu. Nilirudi Mandawa nikiwa nimeacha kutamani kuwa kanga.

Sasa nikwambie siku jina langu lilipopata masikio.

Ilikuwa wakati wa kukung'uta ufuta. Unajua ufuta ukikauka hauvumilii kuguswa. Vitita vinasimamishwa kwenye uchanja, vifuko vyake vinapasuka vyenyewe, na ukivitikisa ovyo mbegu zinamwagika zote. Mama mkubwa, dada yake mkubwa marehemu mama yangu, alikuwa ametandika mikeka na amekwisha panga vitita vyake. Mimi nilikuwa nakimbizana na mbuzi. Nikajikwaa kwenye mguu wa uchanja, uchanja ukalala, na mavuno yake nusu yakamwagika nje ya mkeka, kwenye mchanga. Ufuta na mchanga vinafanana rangi. Hakuna ungo duniani wa kuvitenganisha vyote.

Mama mkubwa hakunipiga. Alisimama akitazama chini, mikono kichwani, kisha akasema, wala hakusema kwa kelele: "Mtoto huyu! Laiti angekwenda yeye, akabaki mwenzangu. Leo tungekuwa wawili hapa tunakung'uta."

Wanawake wengine wakamnyamazisha. Mmoja akaniambia nikacheze. Nilikwenda, lakini sikucheza. Nilikwenda kuhesabu. Mtoto wa miaka saba hana hesabu nyingi, ila hiyo ilikuwa rahisi: mama mmoja, mimi mmoja, na hapakuwa na nafasi ya wote wawili. Kumbe ndiyo maana naitwa Tabu. Kumbe kila anayeniita anasema jambo hilohilo alilosema mama mkubwa, kwa ufupi.

Tangu siku hiyo nikaacha kutamani kuwa kitu. Nikawa natamani nisiwepo. Usinielewe vibaya: sikutaka kufa, kufa nilikuogopa sana, nilishaona watu wakifukiwa. Nilitaka iwe kama vile sikuja. Nyuma ya nyumba palikuwa na kihenge cha kuwekea nafaka kilichokuwa kitupu wakati huo wa mwaka, nikapata mazoea ya kuingia humo na kusikiliza nyumbani panavyokuwa bila mimi. Panakuwa vizuri tu. Kuku wanalia, mchi unagonga, watu wanasalimiana wanapita. Nilisikiliza kwa makini nione kama kuna pengo mahali. Sikulisikia.

Bibi aliniita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu akaja na ungo wake wa karanga, akaketi chini akiegemea kihenge, akaanza kubambua maganda. Sijui alijua nipo humo au hakujua. Alibambua mpaka nikasinzia, na nilipoamka alikuwa bado yuko hapohapo.

Jioni nikamuuliza, "Bibi, kabla sijazaliwa nilikuwa wapi?"

"Hukuwepo."

"Mtu anaweza kurudi huko?"

Akaacha kusonga ugali. Kisha akasema, "Lete sahani." Kwa hiyo nikaleta sahani.

Kiangazi kilichofuata Baba alikuja na habari kubwa. Alikuwa amepata kazi Nachingwea, kwa Wazungu wa karanga, waliokuja kufyeka pori walime mashamba makubwa. Wewe umesikia habari za karanga zile, lakini sisi tulizisikia kwa miguu: ardhi ilitetemeka kabla hujaona kitu. Matingatinga mawili yalikuwa yanafungwa mnyororo mmoja mnene, yakatembea sambamba, na pori lote lililokuwa katikati likalala chini kama majani. Baba alikuwa kwenye moja ya hayo, kwanza akipaka grisi, baadaye akishika usukani. Ameoa huko, akasema, na kambini kuna shule, anamtaka mtoto wake akasome. Mjomba, ambaye ndiye mwenye kauli juu yangu, akakubali baada ya kunung'unika sana. Bibi hakukubali, ila hakuulizwa mara ya pili. Nikapanda lori pale Ruangwa, nimekaa juu ya magunia, na Bibi akasimama barabarani hadi vumbi likamfunika.

Nakiri kwamba sikulia. Nilikuwa naondoka mahali ambapo sikutakiwa kuwepo. Ndivyo nilivyofikiri.

Kambi ya Nachingwea ilikuwa dunia nyingine. Nyumba zilijengwa mistari, zote sura moja, zimeandikwa namba mlangoni, na watu wa kila kabila, Wayao, Wamakua, Wangoni, wengine walitoka mbali hata hatukujua kwao ni upande gani. Asubuhi haikuanza kwa michi, ilianza kwa kipande cha reli kilichotundikwa na kugongwa, halafu injini moja ikikohoa, halafu mia. Vitu vyote vilinuka mafuta ya dizeli, hata nguo za kufuliwa. Mke wa Baba, ambaye nilimwita Mama, alikuwa Myao wa Masasi, mnene, mcheshi, akikaanga maandazi ya kuuza kwa wafanyakazi. Ukingoja nikwambie alinitesa utangoja sana. Alinipa andazi la kwanza kila siku, lile lililojaribia mafuta, na hata leo naamini andazi la kwanza ni tamu kuliko mengine.

Baba alinipeleka shule siku ya kwanza. Lilikuwa banda la mabati lenye madawati ya mbao za masanduku. Lori la kazi lilikuwa linampigia honi, akamtajia mwalimu jina lake mwenyewe haraka, akasema huyu ni binti yangu, akakimbia. Mwalimu alikuwa kijana wa pwani, kanzu nyeupe, sauti ya upole. Akafungua daftari la mahudhurio, akachovya kalamu kwenye wino.

"Na wewe binti, unaitwa nani?"

Nilifungua mdomo nikasikia unasema, "Zainabu."

Akaandika, akapuliza wino ukauke. Basi. Sikuamini kwamba jambo hilo ni rahisi hivyo. Kumbe mtu anaweza kufutika kwa neno moja, na pale alipokuwa akatokea mwingine.

Tuliishi mstari wa mwisho kabisa wa nyumba, na hapakuwa na mtoto mwingine wa huko aliyesoma, kwa hiyo hapakuwa na wa kunifichua. Nyumbani niliitwa Tabu, nikaitika. Nikivuka mfereji wa kuelekea shule nikawa Zainabu. Zainabu alikuwa mwepesi wa hesabu. Zainabu alicheka. Aliwaambia wenzake kwamba anatoka Lindi, kwamba mama yake hushona magauni na kumpima begani. Siku nyingine nilisahau kabisa kwamba nasema uongo. Nilikaa hivyo miezi mitano au sita, na ukiniuliza kama nilikuwa na furaha, ndiyo, nilikuwa nayo. Nimwonee haya nani leo? Nilikuwa na furaha.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto. Mlango wa banda ulikuwa wazi, mwanga wa nje mkali mno, na sisi tulikuwa tukisoma silabi kwa pamoja, ba be bi bo bu. Kivuli kikaingia mlangoni. Sauti ikasema, "Hodi."

Nilimjua kabla sijainua macho. Alikuwa amevaa kaniki yake ileile, vumbi limempanda hadi magotini, fimbo mkononi, furushi kichwani. Watoto walio mbele wakaiona ndonya. Wengi wao walikuwa wametoka sehemu ambazo wanawake hawatogi mdomo, wakaanza kusukumana na kuziba midomo.

"Karibu Bibi, shikamoo," mwalimu akasema.

"Marahaba." Kiswahili kilikuwa kizito kwake, alikiokota neno kwa neno. "Namtaka mwana wangu. Tabu."

Mwalimu akatabasamu. Hakuwa na ubaya, nakuapia. Alikuwa kijana, na mzaha ulimjia wenyewe. "Bibi," akasema, "hapa hatuna Tabu."

Darasa zima likaangua kicheko. Bibi naye akatabasamu, kama mtu asiyeelewa mzaha ila hataki kuonekana hana adabu. Akangoja wamalize.

"Tabu," akarudia. "Mwana wa kike. Yupo shule, wamesema."

"Baba yake nani?"

Hapo Bibi akakwama. Kwetu mama mkwe hatamki jina la mkwewe, hata iweje. Akatafuta maneno, akasema, "Baba yake anaendesha mashine." Baba wa nusu ya watoto waliokuwa mle ndani waliendesha mashine.

Mwalimu akafungua daftari. Alikuwa mtu wa haki, akapitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa wa kwanza na wa pili. Nilikiona kidole kikipita juu yangu. "Hayumo, Bibi."

"Hayupo?"

"Hayupo."

Bibi akauliza, "Tangu lini?"

Mwalimu akadhani hajaeleweka, akasema taratibu, akitamka kila neno wazi: "Bibi, mtoto huyo hapa hajawahi kuwepo."

Nilikuwa dawati la tatu. Bibi akainua uso akatazama darasani. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na alikuwa ametoka juani, mle ndani ni giza kwake. Alitupitia wote kwa macho, akanipitia na mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kusema neno moja. Sikusema. Niliinamisha kichwa nikakitazama kibao changu cha kuandikia. Nilimwonea haya, huo ndio ukweli wangu, na miaka yote hii haujalainika. Nilimwonea haya mtu aliyeketi nje ya kihenge.

Akateremsha furushi kutoka kichwani, akaliweka chini mlangoni. "Basi," akasema, "wape hawa waliopo."

Akageuka, akaenda.

Mwalimu alitoka hatua mbili akamwita, akamwambia akaulize ofisini, ila Bibi hakugeuka. Akarudi, akafungua furushi. Ilikuwa ming'oko, imechemshwa, imefungwa kwa majani, mingine imeanza kukauka kwa safari. Akatupangia foleni, akatugawia mmoja mmoja. Nikapokea wangu. Nikaumenya. Nikauweka mdomoni, nao ukawa na ladha ya udongo wa nyuma ya nyumba yetu, pale chini ya kihenge, na sikuweza kuumeza wala kuutema.

Nikasimama. "Mwalimu, ndiye mimi."

"Wewe ndiye nani, Zainabu?"

"Tabu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alinitazama, akatazama mlangoni, akatazama tena daftari. Niliona uso wake ukibadilika. "Kimbia," akasema. "Kimbia, mtoto, upesi!"

Nilikimbia. Ile barabara ya Ruangwa ilipita kando ya karakana, na saa ile matingatinga yalikuwa yakitoka. Niliita Bibi, Bibi, na injini zikaimeza sauti. Nilijisikia mdomo ukifunguka na kufumbika bila kutoa kitu. Nilipita watu, nikapita magogo yaliyorundikwa na kuchomwa moto, yakifuka bado, na mwisho kabisa, pale kambi inapokatika na pori linapoanza, nikaiona kaniki. Alikuwa anakwenda polepole sana, akiitanguliza fimbo. Nikaishika nguo yake kwa nyuma.

Akasimama. Hakugeuka mara moja. Kisha mkono wake ukashuka, ukanipapasa kichwa, shavu, ukafika sikioni. Akalifinya sikio kwa nguvu hadi nikapiga kelele.

"Unaumia?"

"Naumia, Bibi."

"Basi upo," akasema, akaketi palepale barabarani.

Nikamwinua, tukakaa pembeni ya njia, kwenye gogo. Ilibidi nimwambie yote, maana hakuinuka hadi nimalize. Tulizungumza Kimwera, nami nakusimulia kwa Kiswahili, kwa hiyo utamu wake mwingi umepotea. Nilimwambia habari ya ufuta uliomwagika na maneno ya mama mkubwa. Nilimwambia hesabu yangu. Nikasema, "Kama nisingekuja, mama angekuwepo. Kila mtu angependa hivyo."

Nilidhani atasema si kweli. Watu wazima ndivyo wasemavyo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kutoamini.

Bibi akasema, "Hata mimi nilisema."

Nikageuka kumtazama.

"Siku ile, walipomfunika mwanangu, nilikutazama nikasema maneno hayohayo ya mama yako mkubwa. Nilisema kwa sauti, watu wakasikia. Nilisema, mrudisheni huyu, nipeni wangu." Ndonya ilikuwa inatetemeka. "Halafu ukalia njaa. Hakuna aliyekuwa na maziwa pale nyumbani. Nikakubeba usiku uleule kumtafuta mwanamke mwenye mtoto mchanga, nikampata, ukanyonya, tukarudi, ukalia tena. Siku ya pili vilevile. Na ya tatu. Tangu hapo, mjukuu wangu, sijapata nafasi ya kusema tena."

Alifuta uso kwa upindo wa kaniki. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyo Zainabu ni nani?"

"Ni mimi, nikiwa mwingine."

"Anachota maji?"

"Anachota."

"Kuni anaokota?"

"Anaokota, Bibi."

"Basi si mtu mbaya. Mwambie akinisikia namwita, kwa jina lolote, aitike."

Herufi ile ya mwanzo ilimshinda, akasema Sainabu. Tukarudi kambini tumeshikana mikono, yeye akinitania njia nzima, Sainabu chukua fimbo, Sainabu angalia mwiba.

Mwalimu alinichapa viboko viwili kwa uongo, akaniuliza ni jina gani nalitaka daftarini, akaandika yote mawili. Kisha akamwomba Bibi radhi, amepiga magoti kabisa, na kanzu yake nyeupe ikaingia vumbi. Bibi akamwambia inuka, mwalimu, una kazi. Alikaa kwetu siku nne. Mama wa maandazi hakumwacha afanye lolote. Jioni wawili hao waliketi nje, mmoja akisema Kiyao na mwingine Kimwera, lugha zenyewe si mbali sana, wakacheka mpaka Baba akawa anatoka kuwatazama. Yeye, kwa heshima ya mkwe, alikula peke yake upande wa pili wa nyumba na kusalimia kwa mbali.

Likizo niliporudi Mandawa, mama mkubwa alikuja asubuhi na mapema. Bibi alikuwa amekwisha mwambia. Hakusema samahani, sikumbuki kumsikia akilitumia neno hilo kwa mtu yeyote. Alinikalisha katikati ya miguu yake akanisuka. Alinisuka nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa, kwa nguvu, akinivuta hadi macho yakanitoka, na mara kwa mara tone la maji lilinidondokea shingoni. Aliendelea hadi saa ya chakula. Baada ya hapo kila nilipofika alinisuka, hata nilipokuwa mwanamke mwenye watoto.

Karanga zile hazikufika mbali, kama unavyojua. Kambi ikapungua mstari kwa mstari. Matingatinga yakapakiwa, mengine yakaachwa yakaota majani. Shule ikahama, mwalimu akarudi pwani, na Baba akamfuata mkewe Masasi wakalima. Mimi nikarudi kwa Bibi, nikawa Tabu asubuhi na Sainabu jioni, kutegemea alivyojisikia. Leo kwenye karatasi zangu ni Zainabu, na wanangu hawajui kwamba nimewahi kuwa mwingine. Wala hawajui Kimwera, na hilo ni kosa langu. Ndonya waliiona kwenye picha wakaniuliza kama ilikuwa adhabu.

Bibi alifariki mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, wakati wa masika, amelala tu.

Lipo jambo moja linalonisumbua, na linanisumbua zaidi sasa ambapo nimefika umri aliokuwa nao siku ile, magoti yangu yakiwa yananiamsha kabla ya adhana. Kutoka Mandawa hadi Nachingwea ilikuwa siku tatu kwa miguu kwa mwanamke mzee, na miaka ile simba walikuwa bado wengi njiani. Alikuja peke yake. Alirudi peke yake pia, maana lori aliliogopa. Tuliishi naye miaka mingi baada ya pale, tukabambua karanga pamoja jioni baada ya jioni, tukaongea kila kitu cha chini ya jua, na haikunijia hata mara moja kumuuliza alilala wapi.